Marahaba ya Mwonjaji

Nianze kwa kujitukana, maana mkiniachia nijisifu nitawachosha. Mimi ni mtu mwenye ulimi. Mtasema kila mtu ana ulimi, hata ng'ombe anao. Ni kweli. Lakini wangu umekalishwa kwenye kiti kirefu, umevishwa joho, umepewa cheo cha Mwonjaji, na hiki kilichobaki, yaani miguu, mgongo na tumbo, kazi yake ni kuubeba tu kutoka chumba hadi chumba. Mkiona napita na watu wanainama, msidhani wananiinamia mimi. Wanauinamia huo ulimi, na mimi ninapita chini ya heshima yake kama mpagazi aliyebeba mzigo wa tajiri.

Katika Nyumba ya Pumzi hakuna saa ya ukutani. Tunapima muda kwa majivu. Sigaa ikiwashwa, kumekucha. Majivu yakifika urefu wa kidole, ni adhuhuri. Yakianguka, ni jioni, hata kama huko nje jua liko utosini na kuku wanatafuta kivuli. Kwa hesabu hiyo nimeishi humo siku nyingi mno, na kwa hesabu ya jua miaka isiyofika ishirini. Ndiyo maana nikijitazama kwenye kioo sijui kama huyo aliyemo nimwamkie au nimtume dukani.

Kwa asiyeijua, sigaa si sigara. Haina karatasi wala kichungi. Ni jani juu ya jani juu ya jani: ndani kuna majani ya moyo, katikati jani la mshipi linaloufunga moyo usitawanyike, na juu jani moja zuri, laini, lenye mafuta, linaloitwa vazi. Hata moshi wake haumezwi. Unaalikwa mdomoni, unazungushwa, unaulizwa habari, kisha unaachwa uende zake. Anayeumeza atatapika mbele za watu, na ukumbi mzima utajua kwamba amekulia kwenye kiko na ugoro.

Kazi yangu ni moja. Naletewa sigaa isiyo na jina, naivuta mbele ya ukumbi, kisha nataja jani lake limeota kwenye kilima gani. Nikishakitaja, jina la kilima linaandikwa kwenye pete ya karatasi inayovishwa sigaa shingoni, na kilima hicho kitakuwapo mwaka mwingine. Nisipokitaja, kinapungua. Msiniulize kwa nini. Nilikuta hivyo. Wenye dunia waliamua kwamba kisichotajwa na ulimi unaotambulika hakipo, na dunia, kwa uoga wake, ikatii.

Swali limenikaa kooni tangu nilipovishwa joho. Je, kitu kipo kwa sababu kipo, au kwa sababu fulani mwenye kiti amesema kipo? Jiwe la njiani linamsubiri nani alitaje? Mtoto aliyezaliwa porini akafa kabla ya kupewa jina, alilia au hakulia? Nikiliuliza swali hili kwa sauti, wenzangu ukumbini husema, "Mwonjaji ana hekima leo." Hawajui kwamba si hekima. Ni mshitakiwa anayetafuta sheria ya kumwokoa.

Maana kuna sheria nyingine. Mtoto wa majani hakai kwenye kiti. Aliyezaliwa kilimani kati ya matuta ya tumbaku haruhusiwi kuonja, wanasema atapendelea kwao. Akigunduliwa, jina lake linafutwa kwenye vinywa vyote kwa siku moja, na asiye na jina kinywani mwa mtu yeyote anakuwa kama hakuzaliwa. Mimi niliwaambia nimezaliwa kwenye mji wa chumvi, mahali pasipoota hata jani la dawa. Waliniamini. Kisha, kila mwaka, jani la kilima chetu lilipoletwa mbele yangu, nililijua kabla halijawashwa, na kila mwaka nilitaja kilima kingine. Mara kumi na tisa. Ningekitaja, mtu angeuliza nimekijuaje. Mwacha asili ni mtumwa, wanasema. Mtumwa gani huyu anayekula kuku kila siku?

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Bwana Kiberiti aliingia na sahani ya mbao. Hilo si jina lake, lakini ndilo tunalomwita, kwa sababu ni yeye peke yake anayeruhusiwa kuwasha moto katika Nyumba na kushika daftari la vilima. Ni mtu mwembamba, msafi kupita kiasi, anayenusa mikono yake kila baada ya maneno machache.

"Mheshimiwa Mwonjaji," alisema, "sigaa ya leo ni nzito. Nzito hasa. Waliokwisha kuishika wanasema inajaza kinywa kabla hujaiwasha. Na mara hii wenyewe wamemtuma shahidi."

Shahidi ni haki ya kilima chochote. Anakaa mbele ya Mwonjaji, kimya, hataji atokako mpaka aulizwe. Vilima vingi havimtumi mtu kwa sababu safari ni ndefu. Chetu hakikuwahi kutuma.

Akaingia mwanamke mwenye kanga iliyopauka, viatu kashika mkononi. Nilimjua kwa mwendo kabla ya uso. Ni Nyamizi, dada yangu, wa kwanza kwa mama, aliyenipita miaka saba. Ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa shambani. Ndiye aliyenifundisha kuamkia, akinishika kichwa na kukiinamisha kwa wakubwa mpaka shingo ikazoea. Alisimama mbele ya kiti changu. Mlangoni wageni huelekezwa cha kusema, na yeye alikisema, akapiga na goti kidogo.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

Na mimi nikajibu, "Marahaba."

Nikajibu! Haikunichukua hata nukta moja. Ulimi wangu ulipokea shikamoo ya dada yangu mkubwa kama unavyopokea kahawa, ukasema marahaba kwa sauti nzuri ya ukumbini, na yeye akaketi. Nimeshafanya mabaya mengi. Nimedanganya mara kumi na tisa na kulala usingizi. Lakini neno lile lilinigeukia mdomoni likawa na ladha, na ladha ndiyo kazi yangu, sikuweza kujifanya siijui. Ilikuwa ya chuma kilicholambwa. Niliona haya mpaka masikio yakapata moto, nikashukuru kwamba taa za ukumbi ni hafifu.

Ewe ulimi, wewe ni wa nani? Nani alikutuma? Mama alikupangusa kwa kidole ulipokuwa na utando mweupe. Dada alikutafunia karanga kwa sababu ulikuwa huna meno ya kukusaidia. Leo umekuwa mkubwa kuliko wao? Nyamaza. Hapana, sema. Hapana, nyamaza.

Bwana Kiberiti aliikata sigaa kichwa kwa kisu chake, akanipa, akaondoka kwenda kuchukua moto. Moto wa Nyumba unahifadhiwa chumba cha mwisho, na kati yake na ukumbi kuna milango ambayo idadi yake hubadilika. Hapo ndipo panapokuwa na nafasi. Wenzangu walikuwa mbali, kwenye mabenchi ya ukutani, wakisinzia kwa heshima.

"Luhende," dada alisema, midomo haichezi.

"Hapa siitwi hivyo."

"Najua. Nimesikia mlangoni wanavyokuita." Alinitazama joho, akashuka mpaka viatu. "Umenenepa, mdogo wangu. Unakula vizuri. Nimefurahi."

Angenitukana ingekuwa nafuu. Nilimuuliza, kwa kukosa la kuuliza, "Huko nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, tunamshukuru Mungu," alisema, kama anavyosema mtu yeyote, kisha ndipo akaanza habari zenyewe. "Mwaka wa kwanza tulikosa mwangwi. Unakumbuka tulivyokuwa tunaita pale kwenye mwamba? Sasa ukiita, hakirudi kitu. Tukasema basi, mwangwi si chakula. Mwaka mwingine njia. Mtu akishuka kwenda mnadani harudi, si kwamba amekufa, anazunguka tu bondeni hapaoni pa kupandia. Kisha kaburi la mama. Tumekwenda kulipalilia tukakuta uwanda. Tumepima kwa hatua, tumechimba. Hakuna."

"Dada..."

"Ngoja nimalize, huyo wa moto atarudi. Mwaka huu imefika kwa baba. Asubuhi anakuwapo mzima, anaomba uji. Jua likipanda anapungua. Mchana namwona kifua na kichwa, namlisha bila kujua chakula kinakwenda wapi. Jioni anarudi, lakini kila siku anarudi pungufu kuliko jana. Mwaka huu kisipotajwa kilima, Luhende, baba hatakuwapo. Ndiyo nikasema nije mwenyewe."

Hatua za Bwana Kiberiti zilisikika. Nyamizi akafumba mdomo, akawa shahidi.

Niliivuta kwanza bila moto, mvuto mkavu, kama ilivyo ada. Utamu wa zabibu kavu ulikuja, na nyuma yake harufu ya zizi asubuhi. Ukumbi uliinua shingo. Bwana Kiberiti akalipasha jani mguuni kwa kijinga cha moto cha mkarafuu, polepole, bila kuuacha mwali uguse, mpaka ukingo wote ukawa mwekundu. Nikavuta.

Niseme ukweli hata kama unaniaibisha: sigaa ile ilikuwa nzuri. Ilikuwa kali na nono. Moshi wake ulikuwa mzito, ungeweza kuutafuna. Theluthi ya kwanza ilikuja na pilipili manga iliyonipanda puani, machozi yakanilenga, na kila mtu akadhani ni pilipili. Kisha pilipili ikakaa chini ikaacha kahawa iliyokaangwa ikakaribia kuungua, ngozi ya mkanda mpya, udongo baada ya mvua ya kwanza. Niliyataja hayo kwa sauti na ukumbi ukaguna kwa kuridhika. Hiyo ndiyo sehemu rahisi ya kazi yangu. Kila mtu anajua udongo baada ya mvua.

Majivu yalikuwa meupe, yamekaza, yanasimama bila kupinda. Majivu ya namna hiyo ni ya jani lililochachishwa kwa subira, likarundikwa lundo refu, likaachwa litoe jasho, likapinduliwa, likatoa jasho tena. Nilipokuwa mdogo nililala juu ya lundo lile wakati wa baridi. Au nimelala sasa? Theluthi ya pili ilipoanza, kiti kilikuwa na joto chini yangu, joto lenye uhai, na nilijua nikigeuka nitaona ukuta wa udongo wa bani, kile kibanda chetu cha kukaushia tumbaku, na vijiti vimepangwa mpaka juu na majani yananing'inia vichwa chini. Sikugeuka. Nilikuwa mtoto wa miaka mitano na Mwonjaji aliyezeeka kwa wakati mmoja, na wote wawili tuliogopa kuitwa.

Je, ladha iko kwenye jani au kwenye ulimi? Wanachuoni wa Nyumba wamebishana juu ya hilo mpaka wakagawana mabenchi. Mimi nadhani haiko kote kuwili. Iko njiani. Ladha ni jani likienda kumtafuta aliyelijua. Asipopatikana mtu huyo, inabaki kuwa moshi tu, na watu wanaosema "kahawa, ngozi, udongo" wanasema tu majina ya nyumba za jirani kwa sababu hawajui ya mwenyewe.

Ikaja ile niliyoiogopa. Katikati ya theluthi ya pili, chini ya kahawa, ilipanda ladha chungu, nyembamba, upande wa kushoto wa ulimi. Mwonjaji mwingine angesema ganda la chungwa. Mimi niliijua. Mchuma tumbaku, vidole vyake hushika utomvu mweusi usiotoka kwa sabuni wala majivu wala mchanga. Mama alikuwa na mikono hiyo. Akimega ugali akakutia mdomoni, tonge lilikuwa na uchungu ule ule, na sisi tulikua tukidhani ndiyo ladha ya ugali. Nilipofika mjini nikala ugali mtamu kwa mara ya kwanza, nilifikiri haujaiva. Watu walicheka. Nikacheka nao, na siku hiyo hiyo nikaanza kusema nimetoka mji wa chumvi. Mnaona? Sikumkana mama kwa ajili ya kiti. Kiti kilikuja baadaye. Nilimkana kwa sababu ya kicheko cha watu watatu mezani, ambao hata majina yao siyakumbuki.

Nilimtazama Nyamizi. Alikuwa ameweka mikono mapajani, viganja chini. Alikuwa anavificha vidole vyake.

Hapo nikakata shauri. Msinipe sifa, subirini. Lakini ni kweli nililikata, na nililikata kwa moyo wote. Theluthi ya tatu, pale sigaa inapokuwa na nguvu zake zote na wanyonge wanaiweka chini, niliivuta mpaka kichwa kikazunguka. Nilisema moyoni: nitafutwa, sawa. Nitakuwa kama sikuzaliwa, sawa, baba atabaki na mtoto mmoja aliyezaliwa. Aibu inayomalizika ni bora kuliko hii inayonyweshwa maji kila mwaka. Majivu yaliinama. Ukumbi ukasimama.

"Mheshimiwa Mwonjaji," aliuliza Bwana Kiberiti, kalamu mkononi, "jani hili ni la kilima gani?"

Nikalitaja jina la kilima chetu. Nililitaja kwa lafudhi ya kwetu, mwishoni likavutwa kidogo, kama mama alivyolivuta. Hapa siliandiki. Sina tena haki nalo.

Bwana Kiberiti alifungua daftari, akapekua mbele, akapekua nyuma, akanusa vidole.

"Halimo," alisema. Hakuwa na hasira. Alikuwa na udadisi, nao ni mbaya zaidi. "Lilikuwamo zamani, kurasa zake zimebaki nyeupe. Mheshimiwa, ulimi unaweza kujua ladha. Hauwezi kujua jina ambalo haukuambiwa na mtu. Ama umekosea, na kukosea si dhambi, hata waliokutangulia walikosea. Ama umezaliwa huko." Akamgeukia Nyamizi. "Mama, sasa unaruhusiwa kusema. Hilo jina alilolitaja Mwonjaji ni la kwenu?"

Dada yangu alinyanyuka. Alijifunga kanga vizuri kiunoni, hana haraka. Nilijua anachotakiwa kusema. Neno moja tu, ndiyo, na kilima kitakuwapo, na baba ataomba uji asubuhi na mchana bado atakuwa na mikono ya kushikia bakuli. Nilikuwa tayari. Nawaapia nilikuwa tayari, nilishafumba macho.

"Hapana, bwana," Nyamizi alisema. "Si la kwetu. Jina hilo ndiyo kwanza nalisikia."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Na huyu Mheshimiwa simjui, nimemwona leo. Atakuwa amekosea tu. Sisi kwetu ni mbali, hata mkitajiwa hamtapajua."

Bwana Kiberiti akafunga daftari. Kule mabenchini mtu mmoja alicheka kwa upole, akasema hata mwenye macho hujikwaa, na wengine wakacheka kwa unafuu, na katika kicheko kile nilisamehewa. Ilikuwa rahisi hivyo. Nyamizi alivaa viatu vyake. Njia ya kutokea inapita kando ya kiti changu, na alipofika hapo aliinama kana kwamba anafunga ukanda wa kiatu.

"Baba ndiye aliyeniambia," alinong'ona. "Alisema, ukimkuta mdogo wako amekaa mahali pazuri, usimharibie. Mimi nilikuja nikidhani nitamkaidi."

Akaenda. Ukumbi ni mrefu, na dada yangu si kijana tena, anachechemea mguu wa kulia, jambo ambalo sikulijua. Ilimchukua muda kuufikia mlango. Muda ule ulikuwa wangu wote. Ningeweza kusema, "Anadanganya." Ningeweza kusema, "Dada." Ni neno la silabi mbili, mtoto wa mwaka mmoja analiweza. Nilihesabu hatua zake, nikajiambia nitasema ya kumi, nikajiambia nitasema akigusa mlango. Akaugusa. Akatoka.

Bwana Kiberiti aliniuliza kwa adabu tuandike nini. Nikasema andika halijulikani. Akaandika. Mkononi mwangu sigaa ilikuwa bado haijazimika, imebaki kipande cha kidole na nusu. Niliitia mdomoni. Uchungu ulikuwa umeondoka, kukabaki utamu mzito wa asali iliyokaangwa, utamu ambao sikuwahi kuupata katika sigaa yoyote ya maisha yangu, na niliuvuta, nikauzungusha, sikuuacha hata kidogo upotee. Nilivuta mpaka ikaniunguza midomo.